Kubadilisha waya za fleti ya zamani hapa Uganda bila kuvunja kanuni, hatua kwa hatua

Friji la mama lilikuwa linapiga shoti. Sio kwa nguvu, ni ile ya kung'ata kidogo ukiwa peku na mkono una maji, na sisi watoto tulikua tunaambiwa vaa ndala kwanza ndo ufungue friji, basi ikawa desturi ya nyumba kama kuvua viatu mlangoni. Halafu dada akajifungua, mtoto akaanza kutambaa kwenye sakafu ya jikoni, siku moja nikamuona amenyoosha mkono kwenye mlango wa friji nikaruka kama nimepagawa. Hapo ndo nikaamua waya zote za hii fleti zinatoka.

Fleti yenyewe iko Kampala, ghorofa ya pili, jengo la zamani la aina ya zile za Bukoto na Bugolobi, ukuta mnene, bodi ya fyuzi za kaure ukutani, na jikoni kulikuwa bado na soketi moja ya pini za mviringo. Kazi ilituchukua wiki tano. Nyingi tulifanya kwa mikono yetu mimi na kaka yangu, lakini sio yote, na hapo ndo nataka mnielewe vizuri kabla hamjashika tindo.

Kwanza kabisa sheria. Chini ya Sheria ya Umeme ya 1999 kazi ya kufunga waya za umeme Uganda inafanywa na mtu mwenye kibali kutoka ERA, ile mamlaka inayosimamia umeme. Vibali vina madaraja ya herufi, na kila daraja lina kazi zake, kwahiyo fundi akikuonesha kibali soma daraja na tarehe ya kuisha, usiangalie picha tu ukarudisha. Kwahiyo "kujifanyia mwenyewe" hapa maana yake ni hivi: wewe unachora, unapima, unanunua, unachonga ukuta, unalaza paipu, unavuta waya, na mwenye kibali anakubali mchoro, anasimamia, anaunga, anapima na anasaini cheti. Watu wengi wanamuita mwenye kibali mwisho kabisa, plasta imeshakauka na rangi imepakwa, wanataka asaini tu. Fundi wa kweli atakataa kwasababu vitu vya hatari vyote viko ndani ya ukuta na haoni kitu, na yule atakayekubali kusaini bila kuona basi hiyo saini haina thamani yoyote. Muite mwanzo. Sisi wetu alikuwa mzee mmoja mtu wa Arua, amefanya hii kazi tangu ujana wake, tukakubaliana atakuja mara nne: kuona mchoro, kuona paipu kabla ya plasta, kuunga, na kupima. Ilikuwa bei nafuu kuliko kumlipa afanye kila kitu na kila kilichofanyika kuna mtu mwenye macho yake alikiona.

Pili, fleti sio nyumba ya peke yako. Kama mmenunua kwa hati ya kondominia, yaani kila mtu anamiliki fleti yake ndani ya jengo, sheria ya 2001 inasema ngazi, kuta za pamoja na nyaya zinazopanda jengo ni mali ya wote, kwahiyo huzigusi bila kamati ya wenye fleti kukubali. Kama unapanga, barua ya mwenye nyumba kwanza, kwa maandishi, hata kama mnaelewana kama ndugu. Na mita na waya unaotoka nje mpaka kwenye mita sio zako, hizo ni za kampuni ya usambazaji, ambayo tangu 1 Aprili 2025 ni UEDCL baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kuisha. Sili ya mita usikate kabisa. Siku hizi mita nyingi za Yaka, zile za kulipia kabla, zimepandishwa kwenye nguzo au ziko chini kwenye kabati la jengo na ndani umebaki na kile kidude cha kubonyezea tokeni tu, sasa watu wanadhani wakichomoa kile kidude umeme umekata, hapana, kile ni cha kusoma na kuingiza namba, umeme unapita kwengine.

Sasa tuingie kazini.

Hatua ya kwanza: kuzima, na kuhakikisha imezima

Meini swichi yako inakata kila kitu kinachotoka kwake kwenda ndani, lakini waya unaotoka mita kuja kwenye meini swichi bado una moto hata swichi ikiwa chini. Huo waya mwachie mwenye kibali, na kama bodi nzima inahamishwa muombeni UEDCL wakate kule kwenye mita.

Alafu kuna hii tabia yetu, umeme ukienda watu wanasema haya sasa ndo wakati wa kufungua soketi. Ndugu zangu, umeme ulioenda wenyewe unarudi wenyewe, tena haubishi hodi. Zima meini hata kama mtaa mzima uko gizani, funga kwa kufuli au chomoa fyuzi uweke mfukoni, na watu wa nyumbani waambiwe wasiguse. Kama kuna inveta au solar ndani nayo zima.

Kupima usitegemee testa ya bisibisi. Inawaka kidogo wakati hakuna kitu cha maana na inakataa kuwaka wakati waya una moto, inategemea umesimama kwenye nini. Tumia multimita nzuri, na ifanye hivi: pima kwanza sehemu unayojua ina umeme uone 240 au karibu, kisha pima unapotaka kufanya kazi, laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha), laivu na ethi (wa usalama unaoenda ardhini), nyutro na ethi, halafu rudi tena pale kwenye umeme upime mara ya pili. Ile mara ya pili ndo inakuambia mita yako haikufa katikati.

Hatua ya pili: soma nyumba ya zamani kabla hujaibomoa

Hapa tulikaa siku tatu na sijutii. Nyumba za zamani kama hii zilifungwa kwa kanuni za Waingereza, na mpaka leo mafundi wetu wanafundishwa kwa kitabu kile kile, BS 7671, ila kimebadilika mara nyingi. Mambo utakayokuta:

Rangi nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Waya mpya wa leo kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, kijani na mistari ya njano ni ethi. Madukani Kampala zote mbili ziko, chagua moja nyumba nzima, na kama kuna kipande cha zamani kinabaki basi weka maandishi kwenye DB, ile bodi ya breka, kwamba rangi ziko mbili. Kosa la rangi ndilo linaua fundi wa kesho.

Waya za mpira. Ukikunja kidogo ganda linavunjika kama chapati ya jana. Hizo hakuna kuzungumza, zote zitoke. Za plastiki za miaka ya baadae zinaweza kuwa bado nzima ndani lakini mwishoni kwenye soketi zimeungua, pima usikisie.

Vipimo vya ajabu, 3/.029 na 7/.029. Hizo ni inchi, nyuzi tatu au saba zenye unene wa inchi 0.029. Ya saba ni karibu mm 3 za mraba, ya tatu ni kama 1.3. Tulikuta ile ya nyuzi tatu imelisha soketi mbili za jikoni ambako mama anachemshia birika.

Fyuzi kwenye nyutro. Hii ilinishtua zaidi. Bodi za zamani sana zina fyuzi pande zote, laivu na nyutro. Fyuzi ya nyutro ikikatika taa inazima, unaamini hakuna umeme, unapanda ngazi kubadilisha holda, kumbe laivu iko pale pale inakusubiri. Bodi ya namna hiyo inatoka yote.

Na taa na swichi hazina ethi kabisa, zamani hawakuiona kama lazima. Leo kila pointi, hata ya taa, inafikishiwa waya wa ethi.

Chora kila kitu kwenye karatasi. Nyumba yetu ilijaa karatasi tano.

Hatua ya tatu: mchoro mpya na hesabu

Kanuni moja ndo inabeba zote: breka ipo kulinda waya, sio kulinda friji. Mzigo uwe mdogo kuliko breka, na breka iwe ndogo kuliko waya unavyoweza kubeba. Ukiona breka inashuka shuka alafu mtu akakuletea kubwa zaidi, huyo amekuondolea ulinzi na kuuacha waya upikike ndani ya ukuta.

Waya wa shaba wenye ganda la plastiki, ukiwa ndani ya paipu, unabeba kama hivi, saizi ya waya ikiwa kwa mm za mraba: 1.5 ni ampia 17.5, 2.5 ni 24, 4 ni 32, 6 ni 41, 10 ni 57. Hiyo ni sakiti moja ndani ya paipu moja. Ukisukuma sakiti mbili kwenye paipu moja unazidisha kwa 0.8, kwahiyo 2.5 yako inashuka mpaka 19 na breka ya 20 imeshakuwa kubwa kwake. Ndo maana ile ya kubana waya za nyumba nzima kwenye paipu moja "kuokoa paipu" ni makosa hata kama zinaingia.

Kwa fleti ya vyumba viwili tulipanga hivi. Taa sakiti mbili, waya 1.5 na breka ya 6, mbili ili moja ikikatika usikae gizani kote. Soketi za sebule na vyumba, 2.5 na breka ya 20. Soketi za jikoni peke yao, tena 2.5 na 20, friji nikalitengea sakiti yake. Jiko la umeme waya 6 na breka ya 32, hata kama leo mnapikia gesi au makaa, weka paipu na waya sasa hivi kwasababu watu wengi wanahamia umeme wa kupikia na hutaki kuchonga ukuta mara ya pili. Shawa ya moto ya papo kwa papo ina sakiti yake peke yake: yenye kilowati 7 ukigawa kwa 240 unapata ampia 29, kwahiyo breka 32 na waya 6, na kama njia ni ndefu au shawa ni kubwa zaidi nenda 10. Kamwe shawa isichukue umeme kwenye soketi ya chumba cha jirani, nimeona hiyo zaidi ya mara moja.

Mafundi wengine watakuambia soketi zifungwe kwa mtindo wa ringi, yaani waya unatoka kwenye breka unazunguka soketi zote unarudi kwenye breka ile ile, 2.5 kwa breka ya 32. Inakubalika na kanuni na Waingereza wameitumia tangu baada ya vita vya pili. Mimi binafsi siitaki kwenye nyumba ambayo kesho mtu mwengine atakuja kuongeza soketi bila kupima. Ringi ikikatika sehemu moja soketi zote zinaendelea kufanya kazi, hakuna anayejua, na sasa una 2.5 moja moja inabeba mzigo wa breka ya 32. Njia moja na breka ya 20 ikikatika soketi zinazima, unajua hapo hapo.

Kisha jumlisha nyumba nzima. Shawa 29, birika la wati 2200 ni 9, pasi 5, sahani moja ya jiko 8, friji na taa kidogo, umefika zaidi ya 50 kama vyote vinawaka kwa pamoja. Havitawaka vyote, lakini peleka hiyo hesabu kwa mwenye kibali, na kama mzigo umepanda kuliko laini yenu ilivyoombwa basi UEDCL waombwe kwanza.

Hatua ya nne: kununua, na hapa fungua macho

Soko letu lina waya feki nyingi mno. Kuna zile ni aluminiamu imepakwa shaba juu, zinang'aa kuliko za kweli. Mzee wetu alichomoa wembe, akachubua ganda kama anamenya muwa, akakata uzi mmoja na kuusugua na wembe mara tatu, chini ya ule wekundu ikatokea rangi ya fedha. Hakugombana na mwenye duka, akaniambia tu, binti yangu, twende duka lingine.

Njia nyingine ni mizani. Shaba ya roli moja ya 2.5 yenye mita 100 peke yake ina uzito wa karibu kilo 2.2 kabla hujaongeza plastiki. Roli nzima ikiwa chini ya hapo ujue ama sio shaba ama sio 2.5 ama sio mita 100. Na kama una kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, 2.5 ya uzi mmoja ina unene wa mm 1.78, ya nyuzi saba kila uzi ni 0.67. Ile inayoandikwa 2.5 na ndani ni mm 1.8 za mraba imejaa kila mahali.

Soketi na swichi: chukua sumaku. Vile vyuma vya ndani vinavyoshika pini na skrubu za kuungia vikivutwa na sumaku ni chuma kimepakwa rangi ya shaba, kitapata moto na kulegea. Soketi iwe na vile vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na pini ndefu ya ethi, kwa ajili ya watoto. Tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na risiti yenye jina la duka, maana duka lisilotaka kukupa risiti limeshakujibu.

RCD usinunue ya bei ya chini kabisa. Iwe ya miliampia 30. Ndiyo inayolinganisha umeme unaoenda na unaorudi, ikiona mwengine umepotea njiani, kwa mfano kupitia mwili wa mtu, inakata kabla moyo haujavurugika. Breka ya kawaida haiwezi hiyo kazi, breka ya 20 inasubiri ampia zaidi ya 20 na mtu anakufa kwa sehemu ndogo sana ya ampia moja.

Hatua ya tano: kuchonga na kulaza paipu

Njia za waya zinaenda wima au mlalo kutoka kwenye soketi au swichi. Hakuna kukata kona mshazari kwasababu ni karibu. Sababu yake ni kwamba siku mtu anapigilia msumari wa picha anaangalia swichi iko wapi na anajua juu yake na chini yake kuna waya, ukipita mshazari umemtegea mtego. Kina cha mchongo wima kisizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na mlalo kisizidi sehemu moja ya sita. Nguzo na mihimili ya zege usiiguse, ghorofa inasimama juu ya hizo. Jirani wa chini anaishi na familia yake, kwahiyo tuliomba ruhusa, tukakubaliana grainda ni saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, mwagia ukuta maji kidogo na vaa barakoa nzuri kwasababu vumbi la saruji linabaki kwenye mapafu.

Kama jengo lina paipu za chuma za zamani zilizo nzima una bahati, unafunga waya mpya kwenye ule wa zamani unavuta, kaka yangu huku mimi kule, taratibu na poda kidogo. Lakini paipu ya chuma iliyokatwa ina meno mdomoni, yanachuna ganda la waya, weka bushi ya plastiki kila mdomo.

Na ni kwenye hizi paipu tulipokuta siri ya friji. Zamani hawakuvuta waya wa ethi kwenda kwenye soketi, ile paipu ya chuma yenyewe ndo ilikuwa ethi, inaunganika toka boksi mpaka boksi mpaka chini ardhini. Sasa miaka mingi nyuma tulifungiwa makabati ya jikoni, na yule aliyefunga alikuta paipu imemzuia, akaikata kwa msumeno, akaruka na kipande cha paipu ya plastiki cha kama sentimita 40, akafunika. Taa zikawaka, soketi zikafanya kazi, kila mtu akafurahi. Kuanzia siku hiyo jikoni hakukuwa na ethi hata kidogo. Nilitoa ile mbao ya nyuma ya kabati nikaona ile plastiki nyeupe katikati ya chuma cha kutu, nikakaa chini sakafuni pale pale. Miaka yote hiyo mama anafungua friji na ndala.

Kwahiyo hata kama paipu zenu za chuma ziko nzima, vuta waya wa ethi wa shaba kwenye kila sakiti, na zile paipu na maboksi ya chuma nayo yaungwe kwenye ethi.

Kabla ya plasta piga picha kila ukuta, weka futi ya kupimia ndani ya picha ionekane ni sentimita ngapi kutoka kona. Mwenye kibali aje aone. Wetu alitutolea makosa mawili, paipu iliyobanana na bomba la maji ya moto, na boksi la kuungia ambalo lingefichwa nyuma ya plasta milele. Kiungo chochote lazima kifikiwe na mkono.

Hatua ya sita: ethi

Kwenye fleti ethi ni ya jengo zima, iko chini, ni rodi ya shaba imepigiliwa ardhini na waya unapanda. Nenda ukaione kwa macho. Yetu waya ulikuwepo lakini klipu ya rodi ilikuwa imeoza, tukaenda kwa kamati, ikabadilishwa kwa pesa ya wote.

Ethi inapimwa kwa om, yaani ardhi inauzuia umeme kiasi gani, na namba ikiwa ndogo ndo nzuri. Hesabu yake ni hii: volti 50 gawa kwa 0.03 unapata om 1,667, hapo ndo RCD ya miliampia 30 bado itakata kabla vyuma havijafika volti 50. Lakini hicho ni kikomo cha mwisho kabisa, udongo ukikauka kiangazi namba inapanda, kwahiyo inatakiwa chini ya 200, na mzee wetu alikataa kuondoka mpaka mita ilisoma chini ya 10. Tuliongeza rodi ya pili.

Mambo mawili yasifanyike hata kwa dharura. Usitumie bomba la maji kama ethi, kesho fundi bomba ataweka plastiki na ethi imekatika. Mabomba ya chuma yenyewe ndo yanaungwa kwenye ethi, kwa waya mnene, sisi tulitumia 10. Na usiunge ethi na nyutro ndani ya soketi ili "testa iwake". Nyutro ikikatika popote njiani, mwili wa kila kitu cha chuma ulichochomeka unakuwa na 240 papo hapo: friji, pasi, birika.

Hatua ya saba: kuunga

Hii mwenye kibali afanye au asimame pembeni yako. Swichi ikate laivu, isikate nyutro. Kila boksi la chuma lipate waya wake wa ethi. Kama DB ina RCD mbili, nyutro za kundi hili zisichanganyike na za kundi lile, ukiazima nyutro RCD itashuka kila mara na utatafuta kosa mpaka uchoke. Skrubu ikazwe mpaka mwisho halafu vuta waya kwa mkono uone, kiungo kilicholegea kinapata joto na kinaweza kuunguza nyumba. Bafuni hakuna soketi, swichi ya shawa iwe nje ya mlango au ya kamba darini, na ikate laivu na nyutro kwa pamoja. Radi hapa kando ya ziwa ni nyingi, kwahiyo tuliongeza na kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla kwenye DB.

Hatua ya nane: kupima na cheti

Multimita haitoshi hapa, inapima kwa betri ndogo ya ndani na ganda lililochoka litakudanganya kuwa zima. Inatakiwa mega, inayosukuma volti 500. Kwanza umeme ukiwa umezimwa: ethi inafika kila pointi? Ganda linasoma ngapi? Toa balbu, chomoa kila kitu cha elektroniki, kanuni inataka isipungue megaom 1. Waya wa zamani wa jikoni tuliupima kabla ya kuutoa, 0.2. Mpya zilipita 200. Kisha laivu iko upande wake kila soketi? Halafu washa, pima njia ya ethi, pima RCD inakata kwa muda gani. Kwa miliampia 30 isizidi milisekunde 300, kwa 150 isizidi 40. Namba zote ziandikwe, fundi anayesema "iko sawa" bila kuandika hajapima.

Cheti cha kukamilisha kazi kiwe na namba ya kibali, saini na tarehe. Kopi moja kwenu, moja kwa kamati au mwenye nyumba, na UEDCL watakitaka siku mkiomba kuongeza mzigo.

Ndani ya mlango wa DB tulibandika ule mchoro, kila breka ina jina lake kwa kalamu isiyofutika. Kila miezi sita mama mwenyewe anabonyeza kile kitufe cha T kwenye RCD, nyumba inazima, anainua tena. Siku ukibonyeza na isishuke usiiache hata usiku mmoja, zima meini na umpigie mwenye kibali.